Jiko la moshi la pipa: jinsi ya kujitengenezea smoka yako ya kwanza

Nyama choma tunaijua wote, mkaa unawaka kwa nguvu, nyama iko juu yake inageuzwa geuzwa, baada ya saa moja na nusu watu washanawa mikono. Smoka ni habari nyingine kabisa. Hapa nyama inakaa mbali na moto kwenye joto la nyuzi 110 mpaka 135 za Selsiasi, masaa manne, sita, hata nane, moshi wa mti unaingia taratibu na zile sehemu ngumu kama mbavu na mkono wa mbuzi zinalainika zenyewe mpaka mfupa unachomoka kwa kuvuta tu. Wamarekani, hasa kule Texas na Kansas City, wana majiko ya moshi ya kila aina, mengine yanavutwa na gari, lakini linalomfaa mtu anayeanza ni la pipa lililosimama, hata wao huko wengi wanajitengenezea wenyewe nyumbani maana linataka drili, matundu machache na bolti basi, kuchomelea ni kidogo sana au hakuna kabisa.

Kabla hujatoa hela mfukoni shika hili moja: smoka inaendeshwa na hewa. Kujaza mkaa mwingi hakuleti joto kubwa, joto linafuata hewa unayoiruhusu kuingia chini. Kila kitu nitakachokuelekeza hapa kuanzia tundu la kwanza mpaka kifuniko kinalenga hapo, hewa iingie kwenye tundu ulilotoboa wewe na unaloweza kulifunga wewe, isipenye kwingine popote. Ukilielewa hilo hata ukibadilisha vipimo kidogo kwa sababu ya vifaa ulivyopata jiko litafanya kazi vizuri tu.

Hatua ya kwanza: kutafuta pipa

Unatafuta pipa la chuma la lita 200, yale ya kawaida, urefu karibu sm 88 na upana wa ndani kama sm 57. Dar nenda Gerezani, Nairobi nenda Kamukunji, na kila mji una mahali wanapouza mapipa yaliyotumika. Chagua lile lenye kifuniko kinachotoka chote, lina pete ya chuma inayobana kwa nje, usichukue lile lililozibwa juu lenye vitundu viwili vya kumiminia, labda ukose kabisa. La kifuniko linakuokolea kazi ya kukata na kifuniko chake kinakaa vizuri bila kupitisha hewa.

Swali muhimu kuliko bei ni pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula ndio zuri, au lililobeba juisi nzito ya kiwandani au asali. Lililobeba dawa ya mimea, kemikali za viwandani, au ambalo muuzaji mwenyewe hajui lilibeba nini liache hapo hapo hata kama ni bei ya kutupa, maana hakuna kuosha kutakakokuhakikishia usalama wa chakula. La petroli, dizeli au tina ya kuchanganyia rangi liache pia, na sababu ya pili ni kwamba mvuke wa mafuta unabaki ndani hata pipa likionekana kavu, cheche ya grainda ikigusa linalipuka, mafundi wameumia na wengine wamekufa kwa hilo. Hata pipa safi lifungue kifuniko au vizibo vyote, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, liache wazi, ndio uanze kutoboa. Mitungi ya gesi usiiguse, huko sio kwa mtu anayeanza.

Halafu angalia ndani. Mapipa mengi yamepakwa rangi ya ndani, nyekundu ya matofali au ya dhahabu hivi, ile ni plastiki ngumu inayokinga chuma na lazima itoke yote. Ukipata pipa ambalo ndani ni chuma kitupu umeokoa nusu siku nzima.

Vitu vingine utakavyohitaji ni wavu wa chuma wa kuwekea nyama wa duara la sm 55 hivi, wavu mgumu wenye matundu ya umbo la almasi ule wanaotengenezea mageti na madirisha kwa ajili ya kapu la mkaa, bolti 4 ndefu za kushikilia wavu wa nyama na chache za kapu pamoja na nati na washa zake, vipande vya bati nene, kipimajoto cha kufunga kwenye tundu la pipa, mpini wa kifuniko, brashi ya waya na msasa. Drili na grainda kama huna azima au mlipe fundi, kazi yenyewe ni ya lisaa limoja kwake.

Kwenye hizi chuma kuna jambo la zinki. Chuma kilichopakwa zinki ni kile cheupe kinachong'aa chenye madoa madoa kama mabati ya kuezekea. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na mkaa unaowaka unapita hapo bila shida, moshi wake ukiuvuta unapata homa na kifua kubana. Kwa hiyo kapu la mkaa liwe la chuma cheusi, hakuna mjadala. Bolti za juu zinazoshika wavu wa nyama zikiwa na zinki haina neno kwa sababu huko joto halifiki hata nusu ya hapo. Na zile nyavu za friji bovu ambazo watu wanapenda kuchomea samaki achana nazo, nyingine zimepakwa plastiki na nyingine kadimiamu ambayo ni sumu.

Hatua ya pili: kutoboa

Pima sm 5 kutoka chini ya pipa, weka alama tatu zilizoachana sawa kuzunguka, toboa matundu matatu ya inchi moja kila moja. Haya ndio mapua ya jiko lako. Kama biti kubwa huna toboa vitundu vidogo kwa duara kisha uchonge kwa tupa mpaka vikutane, inachukua muda ila inatoka.

Kwenye kila tundu funga kipande cha bati nene kwa bolti moja juu yake ili kiweze kuzunguka, ukisogeza kulia tundu linafunguka, kushoto linaziba, nusu linabaki nusu. Kaza nati kiasi kwamba kinasogea kwa kidole ila hakianguki chenyewe. Hapa usiharakishe, kikunje kidogo kifuate mzunguko wa pipa, ukimulika tochi kwa ndani usiku usione mwanga unapenya wakati kimefungwa. Wenye uwezo wanaweka kipande cha bomba na koki, inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu unaweza kupunguza kidogo kidogo, basi hata ukiweka koki kwenye tundu moja tu na bati kwenye mengine mawili umepata jiko zuri sana.

Kifuniko toboa matundu 8 ya nusu inchi kuzunguka, au tundu moja la inchi mbili katikati. Moshi utatokea hapo na haya ya juu hayafungwi wakati wa kupika, yanabaki wazi muda wote. Ukiziba juu moshi unalala ndani na nyama inakuwa chungu. Kifuniko cha pipa huwa na mpira pembezoni, ungoe kabla hujawasha moto wowote.

Wavu wa nyama unakaa sm 18 kutoka juu. Toboa matundu manne kwa kimo kimoja, ingiza bolti ncha zielekee ndani, kaza, wavu unakaa juu ya hizo bolti. Mafundi wengi watataka kuuchomelea moja kwa moja, mwambie kabisa, "Kaka, huu usichomelee, nautoa kila siku kusafisha na kuweka mkaa." Chini kidogo ya wavu toboa tundu la kipimajoto, ncha yake iingie ndani sm chache bila kugusa nyama.

Kipimajoto usikiamini kwa sababu ni kipya. Kitumbukize kwenye maji yanayochemka: Dar, Tanga au Mombasa lazima kisome nyuzi 100, Arusha kama 95, Nairobi kama 94 kwa sababu ya mwinuko. Kikizidisha au kupunguza andika tofauti yake kwa markapeni kwenye pipa.

Hatua ya tatu: kapu la mkaa

Kunja ule wavu wa almasi upate duara la upana wa sm 40 hadi 45 na kimo cha sm 25, ufunge kwa waya mnene au bolti, weka kitako cha wavu huo huo, na miguu ya sm 8 ya nondo au bolti ndefu. Miguu ni ya lazima, majivu yanadondokea chini na hewa inapita katikati yao na kapu, bila hiyo nafasi majivu yanaziba matundu na moto unakufa katikati ya safari. Kutoka kitako cha kapu mpaka wavu wa nyama ibaki kama sm 60. Weka na mpini wa waya wa kulitolea.

Hatua ya nne: kuunguza pipa

Hii usiiruke hata kama pipa linaonekana safi. Fungua matundu yote ya chini, toa kipimajoto, jaza kuni kavu ndani, washa moto mkubwa wa kweli bila kifuniko, uendelee kuongeza kuni mpaka rangi ya nje ibabuke na ya ndani ikauke igeuke unga. Fanyia mbali na nyumba, mbali na nguo za jirani zilizoanikwa, simama upande upepo unakotoka maana ule moshi sio wa kuvuta, watoto wasisogee. Kuna sehemu zitabaki kwa chini na pembeni, mapipa mengine yanataka moto wa pili.

Likipoa sugua kwa brashi ya waya ndani na nje, malizia na msasa mpaka uone chuma, osha kwa maji ya sabuni, likaushe upesi kabla halijaanza kutu. Nje paka rangi ya kuhimili joto ile ya majiko na ekzosi za pikipiki, ndani usipake rangi yoyote. Ndani paka mafuta ya kula kwa kitambaa, tabaka jembamba, washa mkaa kidogo, funika, liache kwenye nyuzi 150 hivi masaa mawili matatu. Yale mafuta yanashikana na chuma yanakuwa ngozi nyeusi inayozuia kutu, ni kama vile kikaango cha chuma kinavyoivishwa, na kila ukipika inazidi kuimarika.

Mkaa na mti

Mkaa wetu wa miti unawaka kwa joto kali na kwa kasi, kwa hiyo chagua vipande vya ukubwa wa ngumi, chenga zote chekecha utoe kwa sababu zinajaa kwenye nafasi na kuzuia hewa. Vipande ambavyo havijaiva, vile vya kahawia vizito ambavyo ukivigonga havilii, tupa pembeni, ndivyo vinavyotoa moshi mzito wa machozi. Mkaa mbadala wa kufinyangwa unakaa muda mrefu na joto lake limetulia, ila mwingine umechanganywa udongo mwingi na majivu yake ni balaa, jaribu mfuko mdogo kwanza.

Mti wa moshi mimi kura yangu naipa mpera. Moshi wake ni mtamu, hauchomi pua, na unafaa kuku, mbuzi, ng'ombe na samaki. Mchungwa na mlimau ni mizuri kwa kuku na sato. Mparachichi ni mpole. Kama uko Moshi au Bukoba na kuna mibuni ya zamani imeng'olewa shambani omba vigogo vyake, ni mti mgumu unaokaa muda. Mwembe unatumika sana na una ladha nzuri, ila wale ambao utomvu wa embe unawatoa vipele waukwepe hata kwa moshi. Msonobari una utomvu mwingi wa lami, nyama inakuwa na ladha ya tapentaini. Mkaratusi una mafuta makali. Mwarobaini ni uchungu mtupu. Mnyaa una utomvu wa sumu. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi na moshi wake unaumiza. Mbao za kreti na za ujenzi usitumie, nyingi zimewekwa dawa ya mchwa.

Mti uwe mkavu, umekaa miezi kadhaa tangu ukatwe, vipande vya ukubwa wa ngumi, vinne vinatosha kabisa. Watu wanaloweka mti kwenye maji wakiamini utatoa moshi zaidi, maji yanaingia juu juu tu, unachopata mwanzoni ni mvuke na moto unaosuasua, haina haja.

Kuwasha na kuendesha

Jaza kapu mkaa ambao haujawashwa, vile vipande vya mti vichomeke humo humo kwa kuachana, tengeneza shimo dogo katikati. Pembeni kwenye jiko la kawaida washa mkaa kidogo, kama kopo moja, mpaka ukolee uwe na majivu meupe juu, uumimine kwenye lile shimo. Moto utatambaa wenyewe kutoka katikati kwenda pembeni masaa kwa masaa. Mbinu hii Wamarekani wanaiita kwa jina la Jim Minion, mtu wa mashindano ya barbekyu, na ndio inayofanya kapu moja lenye kilo 4 au 5 lifike mwisho wa kazi bila kuongeza mkaa. Kuwashia usitumie mafuta ya taa wala mfuko wa nailoni, kwenye nyama choma harufu inapotea ila humu imefungiwa na itaingia kwenye nyama yote.

Shusha kapu, weka wavu, funika, matundu yote matatu wazi. Kaa karibu uangalie. Kipimajoto kikifika nyuzi 90 anza kufunga, tundu la kwanza lote, kikifika 105 la pili lote, la tatu ndio utacheza nalo, nusu, robo, mpaka sindano itulie kati ya 115 na 130. Lazima ulikamate joto likiwa linapanda, maana likishapita 160 mkaa mwingi umeshashika na kulishusha ni kusubiri muda mrefu na kila kitu kimefungwa. Ukigusa tundu subiri dakika 15 kabla ya kugusa tena. Na kila ukifunua kifuniko unaingiza hewa, mkaa unachangamka, joto linapaa dakika chache baadae, kwa hiyo tabia ya kufunua funua kuangalia ndio inayowaharibia wengi. Katikati ya wavu pana joto zaidi ya pembeni ambako kipimajoto kipo, vipande vinene weka katikati.

Angalia moshi kabla hujaweka nyama. Mwanzo unatoka mweupe mzito, subiri. Ukishakuwa mwembamba wa bluu unaokaribia kutoonekana ndio uweke. Ule mweupe ni mti usioungua vizuri, unaacha lami chungu juu ya nyama na ulimi unakufa ganzi. Wageni wataona moshi haupo watakuuliza mbona limezima, waache, unukie tu pale juu utajua.

Jiko linakaa nje muda wote. Sio barazani palipofungwa, sio gereji, hata kama mvua inanyesha, mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu na inaua.

Uanze na nyama gani

Anza na kuku. Mpasue mgongoni umlaze bapa, chumvi gramu 10 hadi 15 kwa kilo ya nyama, kama vijiko viwili vya chai, pilipili manga, kitunguu saumu, mlaze kwenye friji usiku mzima bila kumfunika ngozi ikauke. Yeye mwache kwenye joto la juu, 135 mpaka 150, masaa mawili hivi kwa wa kisasa, anaiva kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama kikisoma 74 kwenye unene wa paja. Wa kienyeji ni mgumu, mchemshe kwanza nusu au uende naye muda mrefu zaidi.

Baada ya hapo mkono wa mbuzi au mbavu za ng'ombe. Nyama ya bucha zetu inachinjwa alfajiri na saa tatu asubuhi unaipeleka nyumbani bado ya moto, ilaze kwenye friji siku moja au mbili, utaona tofauti kubwa ya ulaini. Ikiwa kwenye smoka inapanda vizuri mpaka nyuzi 65 au 70 halafu inasimama hapo, masaa mawili haisogei. Usiogope na usifungue matundu, ni jasho la nyama linavukiza na kuipoza. Hapo ndipo unaifunga kwa foili na kijiko cha supu au maji, unairudisha mpaka ifike 90 na kitu, ukichomeka uma uingie bila kubishana. Kwa mbuzi ni kama masaa manne mpaka sita, mbavu za ng'ombe tano mpaka saba. Ukitoa iache imefungwa nusu saa ndio ukate.

Kidari cha ng'ombe, kile ambacho Texas wanakisifia, subiri kwanza. Ng'ombe wetu wa asili hawana mafuta ya ndani kama wa kwao na kidari kinakauka upesi. Badala yake omba nundu bucha, ina mafuta yake na kwenye moshi wa mpera inatoka laini sana, wauza nyama wengi hawaipandishi bei.

Ukimaliza funga matundu yote ya chini na uzibe ya juu, bati moja na jiwe juu linatosha, mkaa uliobaki unazima na utautumia tena. Kesho yake, jiko likiwa la baridi kabisa, mwaga majivu yote, kwa sababu yakipata unyevu yanakula chuma, na matundu ya chini ndiyo yanayoanza kuoza. Wavu upanguse kwa mafuta siku ile ile ya kupika ukiwa bado na vuguvugu, masika ikikaribia liinue pipa juu ya matofali matatu na ulifunike turubai.